Familia ya Babu, Mbulu 🏡

[18:41] Shangazi Paulina: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Neema wetu kachaguliwa timu ya mkoa UMISSETA, mita 1500! 🙏 Kambi Jumatatu. Fomu ya mwalimu inarudi KESHO asubuhi: uwezo wake, anachopenda nje ya michezo, na amebadilika vipi mwaka huu. Kila mtu aandike kimoja. Pia viatu vya miiba, 85,000.

[18:58] Shangazi Paulina: Tuko 23 humu. Tiki za bluu naziona.

[19:03] Joel: Mabadiliko yapo, raba za Januari hazimwingii tena 😂

[19:04] Vero: Anachopenda: kulala 😂😂

[19:05] Shangazi Paulina: Hapa si kijiweni.

[19:11] Baba Mdogo Emanueli: Andika ana pumzi. Shida yake alikuwa anatoka kama Bayi kule Christchurch 1974, mbele tangu mlio wa bastola. Ila Bayi alifika na rekodi ya dunia, huyu anafika na kichomi.

[19:11] Joel: Kichomi 😂😂😂

[19:14] Baba Mdogo Emanueli: Juzi wilayani nimemwona mwenyewe. Mizunguko mitatu kajibanza nyuma ya yule binti mrefu wa soksi nyeupe, katulia. Zimebaki mita 200 ndipo akachomoka pembeni. Mwaka jana saa hizo angekuwa kakaa nyasini analia, namba ya kifuani kaichana.

[19:15] Shangazi Paulina: Hiyo ndiyo! "Amejifunza subira." Naandika.

[19:17] Vero: Kama Simbu Tokyo 2025! Kilomita 42 halafu anashinda kwa sekunde 0.03. Nilipiga kelele usiku wa manane mpaka mwenye nyumba akagonga

[19:18] Joel: Alikuja kudai kodi huyo 😂

[19:20] Shangazi Paulina: VIATU jamani.

[19:44] Mama Neema: Asanteni sana. Mimi nina 20,000, ila mwisho wa mwezi.

[19:52] Baba Mdogo Emanueli: Viatu vitapatikana. Ingekuwa 1998 tungeambiwa mbuzi hana mnunuzi.

[19:53] Shangazi Paulina: Mdogo wangu, ya mbuzi tusianze leo.

[19:55] Baba Mdogo Emanueli: Nilikimbia peku mpaka mkoani. Kambi nikaisikia redioni.

[19:56] Vero: Ujumbe huu umefutwa

[20:31] Joel: Niko kwa Babu, nimemsomea yote. Kasema niandike bila kupunguza neno: "Mbuzi alipata mnunuzi. Hela nilikaa nayo mimi. Niliogopa Emanueli akienda hatarudi. Sasa hiyo fomu, mtoto mwenyewe mmemwuliza?"

[21:09] Mama Neema: Hatujamwuliza, Baba. Yuko jikoni anaosha vyombo.

[21:12] Joel: Babu anasema kila Jumapili Neema anakuja na daftari, anaazima saa yake ya mkononi, anakimbia mpaka kanisani na kurudi, anaandika dakika. Daftari liko hapa. Kurasa za nyuma kamchora Babu mikono. Mikono tu, kurasa sita. Mpaka lile kovu la panga kwenye kidole gumba.

[21:13] Vero: Neema anachora??

[21:15] Shangazi Paulina: Mbona hakuna aliyesema! Mimi nimeshaandika "kwaya". Kwa kalamu ya wino.

[21:16] Joel: Kwaya aliacha tangu Pasaka shangazi

[21:38] Baba Mdogo Emanueli: Nimetuma 30,000 na ya kutolea.

[21:39] Shangazi Paulina: Ubarikiwe mdogo wangu. Jumatatu nani anampeleka stendi?

[21:58] Shangazi Paulina: ???

[22:47] Mjomba Faustini: Jamani simu haikuwa na chaji. Kuna msiba?

[22:48] Shangazi Paulina: Shemeji soma juu. Ukitoa ahadi ya Mama Neema, zimebaki 35,000. Wifi, mguu wake 39 au 40?

[22:55] Mama Neema: Kalala. Nitampima asubuhi. Nimemwambia ajaze fomu mwenyewe kabla hajaenda shule, kakubali.

[22:56] Mama Neema: Wifi, si fomu iko kwako?