Naomba ushauri: tufuatilieje pesa za miradi ya wadi yetu?

Wadau, habari zenu. Sisi wakazi wachache wa Eastlands, Nairobi, tunataka kuweka mtandaoni jedwali la miradi mikubwa ya wadi yetu: bajeti, mkandarasi, kiasi kilicholipwa, kazi ilipofika. Soko letu limebaki nguzo tupu na kina mama mboga wananyeshewa kando ya barabara. Inaniuma sana. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za kila robo mwaka nimezisoma, lakini jumla ya idara nzima hainionyeshi soko limekula ngapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu barua ya kuomba habari. Uliyewahi kuandika barua hiyo, uliomba nakala zipi hasa? Mkataba, au vyeti vya malipo? Na wakinyamaza, niende moja kwa moja kwa Ombudsman (tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma)?