Mjadala: Chanjo ya mafua makali, tuwachanje wazee wetu kabla watu hawajapanda Moshi Desemba, au ni kupoteza hela?

Mleta mada, Moshi

Wadau habari zenu. Hili jambo nimelibeba tangu Desemba ya mwaka juzi, nimeona nilimwage hapa tulijadili mapema kabla mabasi hayajaanza kujaa. Kila mwaka Desemba tunarudi kwetu Kilimanjaro, wenyewe tunaita kwenda kuhesabiwa, tunachangishana hela ya mbuzi, ya mbege, ya kujengea kaburi la babu, sasa kwa nini hamna hata mmoja anayetoa hela ya kumchanja bibi chanjo ya mafua makali kabla hatujamfikia na vifua vyetu vya mjini?

Mama yangu ana miaka 71, ana sukari, anaishi Kibosho. Mwaka ule tulijaa nyumba moja watu kumi na tisa. Mjukuu mmoja wa miaka minne alishuka kwenye basi la Dar kamasi zinamtiririka, tukasema ni vumbi la njiani, na kwa vile kule juu usiku baridi inauma akalala na bibi yake kitanda kimoja. Siku ya tatu mama akashikwa na homa, mwili wote unauma, kikombe cha chai kinamshinda kunyanyua. Tukasema mafua tu hayo. Tukamnunulia amoksilini duka la dawa, tukamchemshia tangawizi na limau, mdogo wangu akampigisha nyungu, siku nne zikapita hivo hivo. Asubuhi ya siku ya tano naingia chumbani namkuta amekaa pembeni ya kitanda, ameshika ubao kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, anataka kuniambia kitu lakini pumzi inaisha kabla neno halijatoka. Kile kimashine cha kupimia sukari kikasoma 23, yani imepanda vibaya sana. Alikaa wodini siku nane, sita akiwa kwenye oksijeni. Walipompima daktari akasema ni influenza, ndo hayo mafua makali, imeshuka kwenye mapafu ikawa nimonia, akauliza kama mama aliwahi kuchanjwa. Tukabaki tunaangaliana. Watoto watano tumesoma wote na hamna hata mmoja aliyekuwa anajua mafua yana chanjo.

Tangu hapo nimeuliza na kusoma sana. Haya mafua yetu ya kawaida yanakuja taratibu, pua inawasha, unapiga chafya, wiki unapona. Influenza inakuangusha ghafla, asubuhi uko shamba jioni umelala, na ikimkuta mzee, mwenye sukari, mwenye moyo, mwenye pumu au mjamzito inaweza kumuondoa. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanakadiria kila mwaka duniani wanakufa watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya kupumua yanayoletwa na influenza. Na hii chanjo haimo kwenye ratiba yetu ya taifa, kwenye kadi ya mtoto utakuta BCG ya kifua kikuu, polio, surua, nimonia na nyingine, hii hamna. Kwahiyo unaitafuta mwenyewe hospitali au kliniki inayoileta na unalipa mfukoni.

Msimamo wangu: hela ya chanjo ya mzee iingie kwenye mchango wa Desemba kabla ya mbuzi, na serikali ifike mahali iwalipie wazee na wagonjwa wa kudumu. Karibuni.

Mdau wa Sakina, Arusha

Pole sana kwa mama kaka. Ila mi naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Mwaka 2019 nilichanja hiyo kitu maana nilikuwa nafanya kazi na wageni, wiki haijaisha nikaumwa mafua ya kufa mtu. Alafu nikasikia yenyewe inakinga asilimia 40 mpaka 60, tena ule mwaka ambao wamepatia aina ya kirusi kinachozunguka, na mwaka unaofuata unachoma tena. Chanjo ya surua unachoma utotoni imeisha. Bibi yangu wa Marangu amefika miaka tisini na kitu kwa majani ya mlimani na hajawahi kuiona hiyo sindano. Kwa familia ya hali ya chini hiyo hela kila mwaka si bora inunue dawa za presha ambazo bibi anazikosa?

Nesi mstaafu, Machame

Mwanangu wa Sakina, shukuru Mungu kwa bibi yako, lakini mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi na wale ambao hawakufika tisini nimewafunika shuka mimi mwenyewe. Hao huwa hawaji kusimulia.

Hilo la kuumwa baada ya kuchanja naliskia kila siku ngoja nilieleze. Ile sindano virusi vyake vimeuawa au vimekatwa vipande, haviwezi kukuambukiza. Unaweza kuumwa mkono, kupata kajoto na uchovu siku moja au mbili, ni mwili unajifunza. Kinga inahitaji kama wiki 2 kujengeka, kwahiyo wewe uliyeugua ndani ya wiki inawezekana ulishaambukizwa au ulikutana na kirusi kabla kinga haijakaa. Na inawezekana kabisa hayakuwa influenza, maana virusi vya mafua ya kawaida viko vingi mno na chanjo hii haivigusi.

Asilimia 40 mpaka 60 ni kweli, sitakudanganya. Maana yake kwenye watu kumi ambao wangeugua mpaka kwenda hospitali, wanne mpaka sita hawaendi, na hata anayeugua mara nyingi haimpeleki chini sana. Kwa kijana wa miaka 25 ni kitu kidogo, kwa mama mwenye sukari ya 23 ni kitu kikubwa. Kurudia kila mwaka ni kwa sababu kirusi kinabadilika umbo na kinga nayo inapungua, ndo maana wataalamu wa WHO wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina zitakazowekwa kwenye chanjo.

Na nyie watoto acheni hiyo tabia ya kukimbilia amoksilini. Ile ni dawa ya bakteria, haiui kirusi. Mnapoteza siku za kumfikisha mgonjwa hospitali, kama ilivyotokea hapo Kibosho, naomba mleta mada asinichukie.

Mleta mada

Sikuchukii mama, shikamoo. Zile siku nne ndo zinazoniuma mpaka leo.

Kijana wa mlimani, Usa River

Mi napandisha wageni Kilimanjaro. Wengi wanakuja wameshachanjwa kwao, sisi tunaolala nao kambi moja na kubeba vitu vyao hatujachanjwa, na tukishuka tunaenda moja kwa moja kwa wazazi. Naona waajiri wetu ndo wangeanza kulipa.

Dada wa Ngaramtoni

Samahani mama nesi, mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Wifi yangu kaniambia nisiguse chanjo yoyote zaidi ya pepopunda, itadhuru mtoto. Ni kweli?

Nesi mstaafu, Machame

Sio kweli mwanangu. Hii ya sindano anaruhusiwa mjamzito mwezi wowote, na WHO wamewaweka wajawazito kwenye makundi ya mwanzo kabisa pamoja na wazee, wenye magonjwa ya kudumu na wahudumu wa afya. Uzuri wake ni kwamba mtoto mchanga haruhusiwi kuchanjwa mafua mpaka afikishe miezi 6, kwahiyo kinga anayozaliwa nayo inatoka kwako. Waambie kliniki ujauzito wako una miezi mingapi na kama una mzio wa kitu chochote. Maneno ya wifi nayafahamu, mwaka 2014 tulivyoanza kuchanja wasichana kinga ya saratani ya mlango wa kizazi hapa Kilimanjaro kabla ya nchi nzima, walisema tunawafunga vizazi, na 2018 ikaenda nchi nzima.

Mdau wa Sakina, Arusha

Mama nimekuelewa, la kuumwa nakubali nilikosea. Lakini la serikali bado nabisha. Dawa zinakosekana vituoni, wauguzi wachache, alafu tuanzishe chanjo ya kila mwaka kwa mamilioni ya watu? Kitu kingine lazima kipunguzwe. Wa kwanza kuumia atakuwa huyo huyo bibi wa kijijini.

Mleta mada

Hapo una hoja na sina jibu la kukutosheleza. Sisemi Watanzania wote, kijana mzima anayecheza mpira Pasua asubiri. Ningeanza na wahudumu wa afya, na wagonjwa wa sukari na moyo ambao tayari wana kadi na wanakuja kliniki kila mwezi, hao hauhitaji hata kuwatafuta.

Mdau wa Majengo, Moshi

Mimi umenishawishi, nataka nimpeleke baba. Nikifika niulize nini?

Mleta mada

Piga simu kwanza, usimtoe mzee mlimani ukakuta imeisha. Uliza ni ya msimu gani na inaisha tarehe ngapi, maana ya mwaka jana sio ya mwaka huu, ukionyeshwa kichupa usome mwenyewe usione aibu. Uliza inatunzwaje, inatakiwa friji ya nyuzi 2 mpaka 8 na isigande, na umeme wetu unaujua. Kama baba aliwahi kupata mzio mkali wa chanjo hii, uso kuvimba, pumzi kubana, asichomwe. Kama ana homa kali siku hiyo mrudi baadaye. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaitwa Guillain-Barré, ukitokea kwa chanjo hii ni kama mtu mmoja au wawili kwenye dozi milioni, kama aliwahi kuugua huo mwambie daktari kabla. Akishachomwa akae pale robo saa. Na ahesabu wiki 2 kabla wageni hawajafika, kwahiyo kwa Krismasi ukivuka mwanzo wa Desemba umechelewa.

Mama nampeleka wiki ya pili ya Novemba, hela tumeshachanga wote watano. Na yule mjukuu akishuka na kamasi mwaka huu analala chumba chetu.