Wakuu, nipasuliwe mgongo au niache?

FundiMakochi: Salaam wakuu. Miaka 6 mgongo unanitafuna. Naandika nimelala kifudifudi juu ya sponji la kochi la mteja. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo limegoma. Kipimo cha MRI kinaonyesha diski ya L5/S1, ile ya chini kabisa kiunoni, imechomoza, imebana mishipa ya fahamu. Daktari anataka anipasue. Fomu ya kusaini imenitisha, na ndugu wanasema ukiguswa uti wa mgongo ni kiti cha magurudumu. Nifanyeje?

Kijiti: Pole mkuu. Godoro lako likoje? Mimi nililala kwenye mkeka mwezi mzima, nikapona.

Baba Chausiku: Shemeji yangu alipasuliwa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Sasa hivi anagombania daladala, na mke wa pili kaongeza.

Mnyalu Mpole: Vijana hamsali, mnakimbilia visu.

SistaWaZamu: Fundi, ganzi unaisikia wapi?

FundiMakochi: Mguu wa kushoto tu, sista.

SistaWaZamu: Na haja ndogo?

FundiMakochi: Kuna watu wa mtaani kwetu humu, ndiyo maana sikuandika. Tangu juzi nikijisafisha chooni sihisi kitu. Mkojo hadi niminye tumbo. Lakini nimeshampa mzee wa kukanda laki mbili, tunaanza Jumamosi. Mzee mwenyewe anaaminika, na hela ile hairudi.

SistaWaZamu: Asikukande mtu! Hiyo ni dharura, nenda hospitali leo. Mishipa ya kibofu ikibanwa, masaa yanahesabika. Ukichelewa, mkojo unaweza usirudi tena kawaida. Na huo uti wa fahamu ulio ndani ya mifupa, unaoogopeshwa nao, unaishia juu zaidi. Hapo kwenye L5/S1 ni mishipa tu inapita. Hatari ipo, ila ya kusubiri ni kubwa kuliko ya kisu.

Mpiga Ramli: Chai hii. Huyu mwezi wa nne alikuwa dereva wa Tunduma anauza Noah. Leo fundi makochi?

Kijiti: Na tangawizi imo 😂

FundiMakochi: Noah ilikuwa ya marehemu kaka, nilimwandikia mjane wake. Mtu anaumwa mnamfukulia nyuzi?

Mpiga Ramli: Weka picha ya MRI.

Baba Chausiku: Kwani Noah ilishauzwa?

SistaWaZamu: Achaneni na Noah. Fundi, leo umekojoa saa ngapi?

FundiMakochi: Saa kumi na moja alfajiri. Matone.

SistaWaZamu: Na sasa ni saa kumi jioni. Nani yuko na wewe hapo?

FundiMakochi: Dogo wa kazi. Kaenda kuita bajaji.