Naomba ushauri: revolva ya mashindano, 686 au 929?

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Niko Mombasa, kibali ninacho, mwaka wa pili sasa nashindana kulenga shabaha. Nimebaki na mbili za kuchagua, zote za kampuni ya Smith & Wesson: 686 ya kipimo cha .357, hubeba risasi sita, inayokubali pia risasi za .38 Special; na 929 ya milimita 9, risasi nane. Zote hazishiki kutu ovyo, na kwa chumvi hii ya Nyali hilo silijadili.

Wasiwasi wangu ni triga. Kwenye 686 ya rafiki yangu, fundi alilegeza springi. Ikawa laini kama siagi, lakini sasa risasi zagongwa na hazilipuki. Tumejaribu risasi aina mbili, bado.

Je, springi ilegezwe hadi wapi? Na kwa mashindano ya kasi, nane zina faida kweli?