Kwa nini fedha hazikutosha kuongeza makombora ya mizinga?

Mwanafunzi wa Uchumi, Ubungo
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandaa mada ya semina kuhusu viwanda vikubwa, na kuna jambo limenikwamisha. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12, lakini muda ulipokwisha yalikuwa yamefika takriban nusu tu. Nchi hizo zina fedha, chuma na mafundi. Zilikwama wapi?

Fundi Mitambo, Chang'ombe
Wengi huanza kwa kuhesabu chuma, ilhali hapo ndipo penye nafuu. Gamba la kombora la milimita 155 ni pande la chuma lililochomwa hadi likaiva, likatobolewa na kuvutwa kwa mashine za shinikizo, kisha likakerezwa. Ni kazi nzito, lakini fundi yeyote wa vyuma anaielewa. Ugumu uko kwenye kemikali. Baruti ya kulisukuma kombora hutokana na nitroselulosi, inayotengenezwa kwa nyuzi fupi zinazosalia kwenye mbegu za pamba baada ya kuchambuliwa, na viwanda vya Ulaya vilizoea kununua sehemu kubwa ya nyuzi hizo China. Kuhusu TNT, yaani kilipuzi cha kujaza ndani ya gamba, Marekani iliacha kuitengeneza katika miaka ya 1980 ikawa inaagiza, hasa kutoka Poland, na mkataba wa kujenga kiwanda kipya Kentucky ulitiwa saini Novemba 2024 tu.

Mhasibu, Mikocheni
Naongeza suala la mikataba. Baada ya Vita Baridi oda zilipungua, na hakuna kampuni inayofunga mitambo ili ikae bure. Kabla ya 2022 Marekani ilizalisha takriban makombora 14,000 kwa mwezi, kisha ikajiwekea lengo la 100,000. Juni 2024 Ujerumani iliipa kampuni yake ya silaha, Rheinmetall, mkataba wa hadi euro bilioni 8.5; kiwanda chake kipya cha Unterlüß, kilichoanza kujengwa Februari 2024, kilifunguliwa Agosti 2025.

Mkazi wa Mbagala
Ninaomba semina yako isiishie kwenye uzalishaji. Sisi tulioshuhudia mabomu ya ghala la jeshi yakilipuka tarehe 29 Aprili 2009, na wenzetu wa Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, tunajua kwamba kila kombora linalotengenezwa linahitaji mahali pa kulala. Majengo ya vilipuzi hutenganishwa kwa umbali mkubwa na kuzungushiwa kuta za udongo, ili moja likilipuka lisiyaambukize mengine. Ardhi ya namna hiyo haipatikani kwa mwezi mmoja, na ikipatikana ni lazima ilindwe dhidi ya nyumba zinazosogea.

Mwanafunzi wa Uchumi, Ubungo
Nawashukuru sana. Fundi, mbegu za pamba ya Simiyu na Shinyanga huenda kukamuliwa mafuta. Je, kuna kiwanda chetu kinachozinyoa kwanza nyuzi hizo fupi?