Mrejesho: kifuniko cha kisahani cha majivu cha mzee

Wakuu salaam. Wiki tatu zilizopita niliomba mawazo ya kifuniko rahisi cha kisahani cha majivu ya sigara. Mzee wangu anavutia barazani hapa Tanga, upepo wa bahari ukipiga majivu yanaingia hadi kwenye kikombe cha chai, na visahani vyake ni vitatu, kila kimoja na upana wake.

Plastiki ya ndoo nilijaribu. Kipisi chenye moto kiliitoboa siku ya kwanza. Aliyependekeza kopo la maziwa ya unga ndiye aliyeniokoa. Nilikata kitako pamoja na vidole viwili vya ubavu, nikauchana ubavu huo ndimi nne unazokunja ndani au nje kulingana na kisahani. Katikati nikatoboa tundu la kupitisha sigara. Kingo zote nilizipiga tupa, nyingine nikazikunja kwa koleo, maana bati la kopo linakata kama wembe na mikono ya mzee inatetemeka.

Tundu dogo limesaidia kuliko nilivyotarajia: hewa haitoshi, kipisi kinazimika chenyewe, moshi wa kufukuta umepungua. Chini nimeweka mchanga mkavu. Msiweke karatasi wala maranda, tafadhali.

Kimebaki kishikio, kwa sababu bati linapata moto sigara ikiachwa imeegemea tunduni. Nina kipande cha mti wa mwembe. Anayejua kukifunga bila skrubu anielekeze. Mzee anawashukuru sana.