Darubini ya kazi porini: 8x42 au 10x42? Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Sakina: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimemaliza chuo, mwezi wa sita naanza kupeleka wageni Manyara na Ngorongoro. Gari ni la kampuni, darubini najitafutia. Nina laki tano. Kuna jamaa karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha ana moja imeandikwa 90x90, vioo vyekundu kama macho ya mlevi, anataka laki na nusu. Mwingine ana 10x42 iliyotumika, laki nne na nusu. Rafiki yangu anasema nisiguse chini ya 10 kwa sababu faru wa kreta anakaa mbali. Navaa miwani. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Lerai: Marahaba kijana. Hiyo 90x90 iache hapo hapo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Milimita 90 ni kama mdomo wa kikombe cha chai, na hapo ziko mbili. Hiyo uliyoonyeshwa si inaingia mfukoni? Na wekundu ule unarudisha mwanga mwekundu nje, wewe unabaki kuona nyani wa kijani.

Dada_Ndege: 8x42, mdogo wangu. Gawa 42 kwa 8: mwanga unaotoka nyuma ni duara la milimita 5 na kidogo. Gawa kwa 10: milimita 4.2. Saa kumi na mbili asubuhi, chui bado yuko kwenye kivuli cha mgunga, ndipo utaijua tofauti. Halafu 10 inakuza na mtetemo wa mkono wako. Mgeni wa miaka sabini ukimpa ya 10, anaona ukungu unaocheza, anakurudishia kwa adabu anasema ameona. Ya 8 inaonyesha eneo pana zaidi, ndege akiruka hakupotei. Yoyote utakayochukua, zima injini kwanza!

Chalii_Ngarenaro: Dada nakuheshimu ila kwa kreta nakataa. Faru kule mara nyingi ni doa tu kwenye nyasi. Kwa 8 nilikuwa nabishana na wageni kama ni faru au nyati amelala. Nina ya 10, nimeshonesha kifuko cha kaki, nimejaza mchele kilo mbili, naweka ukingoni paa likifunguliwa. Inatulia tuli. (Usijaze mahindi. Nilijaza mahindi, panya wa gereji wakala mpaka kifuko.)

Dada_Ndege: Kifuko sawa. Manyara ndani ya msitu utamwekea nani kifuko, ndege yuko juu ya kichwa chako?

Mzee_wa_Lerai: Mmeisahau miwani yake. Kijana, angalia karatasi ya maelezo: jicho liweze kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo. Kunja zile raba za machoni, vaa miwani, tazama. Ukiona duara jeusi pembeni, si yako. Na ile iliyotumika, ielekeze kwenye nyaya za umeme juu ya paa. Tazama kwa macho yote mawili, usilazimishe. Waya moja ukiiona mbili, darubini hiyo ilishadondoshwa, prizimu (vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) zimehama. Utashinda na kichwa kinauma.

Mtoto_wa_Sakina: Nimetoka huko sasa hivi. Waya moja naiona mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwambia jamaa, akanijibu "utazoea".

Chalii_Ngarenaro: 😂😂 Ukishazoea, faru mmoja wa kreta utawahesabia wageni wawili.

Dada_Ndege: Tafuta mpya ya 8x42, Nature DX ya Celestron au Prostaff ya Nikon. Na usiifute vumbi kwa fulana, mchanga unakwaruza kioo. Pulizia kwanza, kisha kitambaa laini. Nina wageni wanatoka Marekani mwezi wa tano, mmoja anaweza kukubebea. Nimekutumia ujumbe.

Mtoto_wa_Sakina: Nimeuona dada, asante sana. Chalii, fundi wa kifuko yuko wapi?